Injika Maharage Kwanza

Mwongozo wa kupanga kazi na muda kwa mwanafunzi anayefanya utafiti wa shahada ya kwanza

Mpishi mzoefu akiingia jikoni saa kumi jioni haanzi na kisu. Hakati kitunguu, hamenyi nyanya, hakuni nazi. Kwanza anainjika maharage. Anajua maharage hayasikii haraka ya mtu: yataiva kwa wakati wake, uwepo usiwepo. Yakishachemka, ndipo anapoketi na kisu chake bila wasiwasi. Mpishi mgeni huanza na vitunguu kwa sababu kukata vitunguu kunaonekana kazi. Saa mbili usiku kachumbari iko tayari, mezani pamepambwa, watoto wanasinzia, na maharage bado mawe.

Utafiti wa mwaka wa mwisho ni jiko la namna hiyo. Wengi wanaoteseka nao si wavivu wala si wazito wa kuelewa. Wameanza na vitunguu.

Mimi mwenyewe nilianza navyo. Nilitumia wiki tatu nikipamba ratiba kwa rangi na kuandika upya utangulizi wangu. Barua ya kuomba kibali nikaiacha, nikiiona jambo dogo la ofisini. Kibali kilipotoka, masika yalikuwa yamefika. Nilipofika kijijini, niliowafuata walikuwa shambani tangu alfajiri, na njia ya kuwafikia ilikuwa tope hadi magotini. Niliyoyajifunza mwaka ule ndiyo ninayokuandikia hapa, ili wewe usiyalipie kwa bei niliyoyalipia mimi.

Kwa nini utafiti unakuchanganya

Aliyepita njia ya kawaida ya shule nchini Tanzania amesoma miaka 7 ya msingi, 4 hadi kidato cha nne na 2 hadi kidato cha sita. Miaka yote 13 kulikuwa na mtu wa kumgongea kengele. Hata chuoni, ratiba ya vipindi hubandikwa ukutani, jaribio hutangazwa, na mtihani una tarehe yake. Unaweza kukesha wiki moja na desa la maelezo ya somo, ukafaulu, ukajiona hodari wa kupanga muda.

Utafiti haukubali kukeshewa. Huwezi kukesha na barua iliyo kwenye meza ya mtu mwingine, wala kukesha na muuza nyanya aliyesema njoo kesho. Ndiyo maana kazi hii, kuliko somo lolote la darasani, hukufundisha kupanga: muda wake si wako peke yako. Nusu yake umeshikiwa na wengine. Ujuzi wa kwanza basi si kujibana wala kuamka saa kumi alfajiri. Ni kujua nani ameshika kipande gani cha muda wako, na kumfikia mapema.

Tenga kazi za moto na kazi za kisu

Chukua karatasi, igawe kwa mstari wa katikati. Upande wa kushoto andika kazi za moto, yaani zile zinazoiva mikononi mwa wengine au kwa mwendo wake zenyewe. Upande wa kulia andika kazi za kisu, zile unazoweza kuzifanya peke yako ukiwa na meza na kalamu.

Tuseme unatafiti namna wauza mboga wa soko moja la Morogoro wanavyozihifadhi nyanya na mchicha usiouzika. Kazi zako za moto zitakuwa hizi:

- Barua ya utambulisho kutoka chuoni.
- Kibali cha mkoa, cha wilaya au halmashauri, kisha cha kata na mtaa, na mwisho ruhusa ya uongozi wa soko.
- Msimamizi kusoma pendekezo lako na kulirudisha.
- Wauzaji kukubali kuhojiwa, kila mmoja kwa nafasi yake.
- Fedha za nauli na kudurufu hojaji, hasa kama unasubiri bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi.

Kazi za kisu ni kusoma kazi za watangulizi, kutunga maswali, kuingiza majibu kwenye kompyuta, kuchora majedwali, kuandika sura na kupanga marejeleo.

Sheria ni moja: kila asubuhi, kabla hujagusa kisu, uliza ni chungu gani kinaweza kuinjikwa leo. Kutuma barua huchukua dakika 20, lakini barua hiyo inaweza kukaa njiani wiki 4. Dakika 20 hizo zina thamani kuliko siku nzima ya kupanga upya utangulizi.

Ngazi ya vibali ndiyo inayowakwamisha wengi. Kwa kawaida Tanzania Bara barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri, ikafika kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila ngazi ina mhuri wake, na kila mwenye mhuri ana safari na vikao vyake. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, na Kenya leseni ya utafiti hutolewa na tume ya NACOSTI. Ukigusa wagonjwa, watoto au sampuli za damu, kamati ya maadili nayo lazima ipitie pendekezo lako, na kamati haiketi kila siku. Waulize waliokutangulia chuoni kwako: kibali kiliwachukua siku ngapi? Jibu lao ni sahihi kuliko muda ulioandikwa kwenye tangazo la ofisi.

Ukienda ofisini, nenda na nakala tatu za kila barua, andika jina la aliyeipokea na tarehe, na uulize nambari ya jalada. Siku ya kufuatilia hutasema "nilileta barua hapa." Utasema "barua ya tarehe 10 Februari, jalada nambari fulani." Hapo karani hana pa kuanzia kukuzungusha.

Hesabu kutoka mwisho

Watu wengi hupanga ratiba kuanzia leo kwenda mbele. Ukifanya hivyo, kila kazi ya mwanzo hujinyoosha itakavyo, na mwisho hubanwa. Anza na tarehe ya kukabidhi, kisha rudi nyuma kama mtu anayekunja mkeka.

Tuseme unakabidhi tarehe 30 Juni.

- Wiki ya mwisho, kuanzia tarehe 23 Juni: kupima mfanano wa maandishi, kuchapisha, kujalidi na kusaini.
- Wiki mbili kabla, kuanzia 9 Juni: kurekebisha kwa maoni ya msimamizi.
- Wiki mbili za msimamizi kusoma: rasimu nzima imfikie 26 Mei.
- Wiki nne za kuandika: kuanzia 28 Aprili.
- Wiki tatu za kuchambua data: kuanzia 7 Aprili.
- Wiki mbili za kukusanya data sokoni: kuanzia 24 Machi.
- Wiki sita za kufuatilia vibali: barua iombwe ifikapo 10 Februari.

Sasa itazame ratiba hiyo kwa jicho la mtu wa mahali. Mwishoni mwa Machi ni masika. Barabara za vijijini huharibika, nyanya huoza haraka, bei hupanda na kushuka. Utakachokipata ni picha ya msimu wa mvua, wala si ya mwaka mzima. Pengine ndicho unachokitaka. Kama sicho, data inabidi ikusanywe Februari, na barua iombwe kabla ya Krismasi. Jambo hilo ungelijuaje kama usingehesabu kutoka mwisho?

Juu ya kalenda yako weka kalenda ya wale unaowafuata. Wakulima wana kulima, kupalilia na kuvuna. Wavuvi wana bamvua na maji mafu, na usiku wa mbalamwezi hubadili kazi ya wanaovua dagaa kwa taa. Mwezi wa Ramadhani hubadili saa za biashara pwani nzima: mchana soko hupoa, jioni hupamba moto. Shule za Tanzania hufungwa Juni na Desemba, darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba, na hakuna mwalimu mkuu atakayekufurahia wiki hizo. Mnada una siku yake. Mtafiti asiyejua siku ya mnada atakuta uwanja mtupu na mbuzi wawili.

Usiyaamini makadirio yako

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliipa jina tabia ya watu kukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, hata kama kazi za nyuma zote zilichelewa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi walio katika hali yako hasa, wanaomalizia tasnifu za shahada ya kwanza. Waliwauliza watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walijibu 33.9. Wakaulizwa tena: mambo yakiharibika kadiri yanavyoweza kuharibika, je? Wakasema 48.6. Walimaliza kwa wastani wa siku 55.5.

Hebu irudie hesabu hiyo polepole. Hata walipojitahidi kuwaza mabaya yote, bado walikosea kwa karibu wiki nzima. Fundisho lake ni hili: usijiulize "nadhani itachukua muda gani?" Jiulize "mara ya mwisho kazi kama hii ilinichukua muda gani?" Kama hujawahi kuifanya, muulize aliyeifanya. Kisha kwa kazi za kisu, kadirio lako lizidishe kwa moja na nusu. Kwa kazi za moto, lizidishe kwa mbili.

Tupime na hojaji zetu za sokoni. Una hojaji 60, kila moja dakika 25. Hesabu ya mezani inasema dakika 1,500, yaani saa 25. Siku tatu tu na kazi imeisha! Lakini muuza mboga hakukaa sokoni kukusubiri wewe. Asubuhi anapokea mzigo, jioni wateja wamemzunguka. Nafasi yake ni kati ya saa nane na saa kumi na moja mchana, na katikati ya swali la nne atakuja mteja wa mchicha, utasimama pembeni. Ukipata hojaji sita kwa siku umefanya kazi ya mwanamume. Hizo ni siku 10. Ongeza siku moja ya mvua, moja ya msiba na moja ya mwenyekiti wa soko anayetaka kuiona barua yako upya. Zimefika 13, ambazo kwa siku sita za kazi kwa wiki zinapita wiki mbili ulizoziweka.

Sauti ulizorekodi nazo zina deni. Kunakili saa moja ya mahojiano huchukua kati ya saa 4 na 6 kwa mtu asiye mzoefu. Ukiwa na mahojiano 10 ya dakika 40, una dakika 400 za sauti, na kuzinakili kutakula saa 27 hadi 40. Kama umehoji kwa Kiswahili na tasnifu unaiandika kwa Kiingereza, kuna kazi ya tatu ambayo karibu hakuna anayeipangia siku: kutafsiri. Maneno ya muuzaji aliyesema nyanya zake "zimechoka" hayatafsiriki kwa dakika moja. Itengee safu yake kwenye ratiba.

Kabla ya yote, ijaribu hojaji kwa watu watano. Pima kwa saa. Dakika 25 zako zikigeuka 40, ni heri ujue ukiwa na watu watano kuliko ukiwa na 30.

Nyumba moja ya kila kitu

Mpangilio mzuri haudai programu ya kulipia. Unadai mambo matatu: daftari, majina na nakala.

Daftari liwe moja, kubwa, la jalada gumu, kama yale ya dukani. Kila siku ya utafiti andika tarehe, kisha mistari mitatu: nimefanya nini, nimekwama wapi, kinachofuata ni nini. Mstari wa tatu ndio wenye uchawi. Kesho ukifungua daftari hutapoteza nusu saa ukijiuliza uanzie wapi. Hapo hapo andika uamuzi na sababu yake: "Leo nimewaacha wauzaji wa jumla kwa sababu hawahifadhi mzigo usiku." Baada ya miezi mitatu, mbele ya watahini, utaulizwa kwa nini uliwaacha. Kumbukumbu yako itakuwa imelisahau jambo hilo. Daftari halitasahau.

Majina ya mafaili yaanze na tarehe, mwaka mbele: 2026-02-10_hojaji_rasimu2. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano. Sote tumewahi kuwa na folda yenye "tasnifu mwisho", "tasnifu mwisho mpya" na "tasnifu mwisho kabisa hii ndiyo". Siku moja mtu hutuma ile isiyo yenyewe. Kila hojaji ya karatasi ipe nambari juu kulia kabla haijatoka mkononi mwako, na nambari hiyo hiyo iingie kwenye jedwali la kompyuta, ili ukikuta umri wa miaka 230 ujue urudi kwenye karatasi gani.

Marejeleo yakusanye tangu siku ya kwanza. Zotero, programu isiyo na malipo iliyotoka mwaka 2006, itayahifadhi na kuyapanga kwa mtindo unaotakiwa na chuo. Kama huna kompyuta yako mwenyewe, kurasa za nyuma za daftari zinatosha: mwandishi, mwaka, jina la kazi, mchapishaji, ukurasa. Wanaoahirisha jambo hili hulipa usiku wa mwisho, wakikitafuta kitabu ambacho mwenzao ameshakiazima.

Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali na mahali unapolala. Kwa mfano: kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako au hifadhi ya mtandaoni. Flashi peke yake si hifadhi. Huazimwa na kurudi na virusi, husahaulika kwenye duka la kuchapishia. Chagua siku moja ya wiki, kwa mfano Ijumaa baada ya saa kumi, iwe siku ya nakala. Hojaji za karatasi zipige picha jioni ile ile ulipozijaza.

Majina na nambari za simu za uliowahoji zikae mbali na majibu yao. Ni adabu ya utafiti, na sasa ni suala la sheria pia: Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, Kenya ilitangulia mwaka 2019.

Msimamizi ni moto wa pekee

Msimamizi wako ana wanafunzi wengine, vipindi, mitihani ya kusahihisha na utafiti wake mwenyewe. Ukimwendea mikono mitupu na kusema "Dokta, nimekwama," umempa kazi mbili: kujua ulipokwama, kisha kukukwamua. Mwendee na karatasi moja yenye ulichofanya tangu mlipoonana, maswali mawili au matatu, na jibu unalolipendekeza wewe kwa kila swali. Ni rahisi kwake kusema "hapana, fanya hivi" kuliko kubuni jibu kutoka hewani.

Ujumbe wa kumwomba nafasi uwe mfupi na kamili:

"Shikamoo Dokta. Ni fulani, mwanafunzi wako wa utafiti wa wauza mboga. Nimekamilisha hojaji na kuijaribu kwa watu watano. Naomba dakika 15 Jumanne au Jumatano wiki hii kuhusu maswali mawili ya sehemu ya pili. Nimeiambatisha. Asante."

Ujumbe huu una salamu, una jina, una kazi iliyofanyika, una muda unaoombwa na siku za kuchagua. Hautumwi saa tano usiku. Baada ya kikao, siku hiyo hiyo, mwandikie mistari minne ya mliyokubaliana na tarehe ya kila jambo. Kama hamkuelewana, maandishi hayo ndiyo yatakayomsahihisha yeye au kukusahihisha wewe. Ukimpa sura asome, mwambie unaihitaji lini, na wakati anasoma wewe usikae ukiitazama simu. Hiyo ndiyo nafasi ya kisu: andika sura nyingine.

Akichelewa? Mkumbushe baada ya wiki moja, kwa heshima, ukiutaja ujumbe wako wa kwanza. Kunyamaza mwezi mzima ukisubiri, kisha kumlaumu, hakumuumizi yeye. Tarehe ya kukabidhi ni yako.

Wiki yako, siku yako

Jumapili jioni kaa dakika 30 na daftari. Angalia ratiba uliyoihesabu kutoka mwisho, kisha andika mambo matatu tu ya wiki inayoanza. Mambo 12 si mpango, ni orodha ya majuto. Kila moja liandike kwa kitenzi na idadi: "kuhoji wauzaji 30 wa upande wa barabarani", wala si "kushughulikia data".

Ijue saa yako nzuri. Kuna mtu anayeandika vyema alfajiri kabla bweni halijaamka, na kuna anayechangamka watu wakilala. Saa hiyo uipe kazi ngumu kuliko zote, yaani kuandika na kuchambua. Saa zako za uchovu ziachie kazi za mkono: kupiga picha hojaji, kupanga marejeleo, kuhesabu nauli. Umeme nao una tabia zake, basi uwe na kazi ya karatasi iliyokaa tayari kwa siku utakapokatika. Sura iliyochapishwa na kalamu nyekundu haihitaji chaji.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vya wageni havitakuonya. Simu yako inahesabu saa kwa namna ya Kizungu, watu unaowafuata wanahesabu kwa Kiswahili. Mama wa sokoni akisema njoo saa nane, kengele ya simu iweke kwenye 14:00. Wanafunzi wamekosa wahojiwa kwa kuandika "saa nane" kwa haraka, kisha simu ikawaamsha asubuhi. Chagua namna moja ya kuandika saa kwenye daftari na usiichanganye. Ukipanga miadi taja na kipindi cha siku: saa nane mchana.

Halafu kuna watu wako. Ulipokuja chuoni hukuuacha ukoo nyumbani. Kuna harusi ya binamu, kikao cha michango, mjomba anayeumwa. Usiwe mtu wa kuukimbia msiba kwa sababu ya sura ya tatu. Ila waambie wa nyumbani mapema, kwa maneno yanayoeleweka: "Mama, kuanzia tarehe 24 Machi kwa wiki mbili nipo sokoni nakusanya data, sitapatikana mchana." Wengi hutuita kwa sababu hawajui tupo wapi. Wakijua, watakulinda.

Sufuria likikataa kuchemka

Mpango wako utavurugika. Hilo si bahati mbaya, ni kawaida ya jiko. Linalokutofautisha na wengine ni namna utakavyopunguza.

Ukiona umechelewa kwa wiki mbili, usipunguze usingizi, punguza eneo. Masoko mawili yawe moja. Hojaji 60 ziwe 48, kama aina ya uchambuzi wako inaruhusu. Mwendee msimamizi na hesabu mkononi: "Nina siku nane, napata sita kwa siku, nitafika 48." Uamuzi huo uandikwe kwenye tasnifu, pamoja na sababu. Kazi ndogo iliyokamilika na kuelezwa kwa uaminifu inasimama mbele ya watahini.

Kisichosimama ni kile ambacho lugha yetu imekipa jina la jikoni pia: kupika data. Hapa ndipo maharage yaliyochelewa kuinjikwa humfikisha mtu. Anakaa chumbani usiku na kalamu mbili za rangi tofauti, akijaza hojaji za watu ambao hakuwahi kuwaona. Mara nyingi si mwizi tangu mwanzo. Ni mtu aliyetuma barua mwezi mmoja baadaye kuliko ilivyopasa. Tunapozungumza habari za kupanga muda tunadhani tunazungumzia unadhifu, kumbe tunazungumzia pia ukweli. Mwenye muda hana sababu ya kudanganya.

Utakachotoka nacho

Tasnifu yenyewe huenda isisomwe na watu wengi. Itakaa kwenye rafu ya maktaba na jina lako mgongoni. Lakini siku moja utaketi mbele ya watu watatu wanaokusaili kwa ajili ya kazi, na mmoja atauliza kama unaweza kusimamia shughuli bila kusukumwa. Usimjibu kwamba wewe ni mchapakazi. Kila aliyeketi kwenye kiti hicho amesema hivyo. Mwambie: niliomba vibali katika ofisi tano, nilihoji watu 48 kwa siku nane, nilipanga watu 60 nikalazimika kupunguza, na nilieleza kwa nini. Mpe na daftari kama atataka kuliona.

Kwa leo, kazi yako si kubwa. Usifungue kompyuta kuandika utangulizi. Chukua karatasi, chora ule mstari wa katikati, jaza upande wa kushoto. Kati ya hayo uliyoyaandika, tafuta lile litakalochukua muda mrefu kuliko yote kurudi mikononi mwako, na ulitume kabla ofisi hazijafungwa saa tisa na nusu.

Vitunguu utavikata jioni.